Utafiti wa Afya Unaowaona Ke na Me: Mwongozo Kamili Kuanzia Swali hadi Ripoti

Maandiko ya utafiti yanayorudishwa kwa sababu ya suala la jinsi (ke na me) huwa na moja ya dosari mbili. Ya kwanza: mtafiti ameandika "jinsi zote zitahusishwa", kisha jambo hilo halionekani tena mpaka kwenye jedwali la sifa za washiriki. Ya pili hujitokeza mwishoni: dawa "imefanya kazi kwa wanawake lakini si kwa wanaume", na ukikagua hesabu hukuti chochote kinachobeba kauli hiyo.

Kati ya dosari hizo mbili kuna maamuzi kadhaa, na karibu yote hufanywa kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Ndiyo maana kumwita mtakwimu data ikishakusanywa hakusaidii sana. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Kuruka hatua ya pili kwenda ya nne ndiko kunakowaangusha wengi.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Swali lako la utafiti, hata kama bado ni sentensi moja.
- Makala tano au sita zilizotangulia kuhusu mada yako. Soma majedwali yake. Muhtasari haukwambii kama matokeo yalitenganishwa kwa jinsi.
- Takwimu za ugonjwa wenyewe: nani wanaugua, katika umri gani, nani wanafariki.
- Kama unachunguza dawa, taarifa za jinsi mwili unavyoifyonza, kuivunjavunja na kuiondoa.
- Mwongozo wa SAGER wa mwaka 2016 kuhusu kuripoti jinsi na jinsia. Unapatikana bure.
- Programu ya takwimu unayoimudu: R, Stata, SPSS, yoyote.
- Mtakwimu aliyekubali kuonana nawe sasa, wakati andiko bado ni rasimu.

## Hatua ya 1: Amua unapima mwili au maisha

Jinsi ni mambo ya mwili: kromosomu, ovari au korodani, homoni. Jinsia ni mambo ya maisha: nani anaamua pesa ya matibabu itoke, nani anabaki na watoto, nani akilalamika maumivu anaaminiwa. Yote mawili huathiri afya, na mara nyingi hukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Chukua mfano wa wanawake wanaochelewa kufika hospitali wakiwa na mshtuko wa moyo. Huenda dalili zao hazifanani na zile walizozoea kuzisikia. Huenda hawakuwa na wa kumwachia watoto. Huenda walifika mapema na mhudumu akasema ni wasiwasi tu. Kisanduku cha Ke/Me kwenye dodoso hakiwezi kutenganisha sababu hizo tatu, hata ukiwa na washiriki elfu kumi.

Utafiti wa PURPOSE 1, uliotoa matokeo mwaka 2024, unaonyesha uzito wa jambo hili. Ulifanywa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliopewa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Kati ya 2,136 waliopewa vidonge vya kila siku vya emtricitabine na tenofovir alafenamide, waliambukizwa 39. Vidonge hivyohivyo vilikuwa vimeidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa kinga, lakini si kwa wanaoambukizwa kupitia uke, kwa kuwa jaribio lililotangulia halikuwa na wanawake hao. Mtu angeweza kukimbilia kusema dawa haifanyi kazi katika mwili wa mwanamke. Watafiti walikuwa wamepima kiwango cha dawa kwenye damu, wakakuta wengi hawakuwa wakimeza vidonge kila siku. Bila kipimo hicho, jambo la maisha lingeandikwa kama jambo la mwili.

La kufanya: andika sentensi moja inayosema unapima kipi na utakijuaje. Kama ni vyote, ongeza maswali ya jinsia kwenye dodoso. Kwa jinsi, eleza kama utategemea kauli ya mshiriki, jalada la kliniki au kipimo. Kama washiriki wako wanaweza kuwa na watu waliozaliwa na maumbile ya jinsi yasiyo bayana, au wanaotumia homoni kubadili mwili, uliza maswali mawili badala ya moja: jinsi iliyoandikwa alipozaliwa, na homoni anazotumia sasa.

Umefaulu ikiwa mtu asiyejua mada yako anaweza kusoma sentensi hiyo na kukwambia ni safu gani za data zitakazokuwepo.

## Hatua ya 2: Andika unatarajia nini, na kwa njia gani

Hapa ndipo maandiko mengi huwa na shimo. "Tutaangalia tofauti za kijinsi" si matarajio. Matarajio hutaja njia: dawa inakaa zaidi mwilini kwa sababu fulani, kinga ya mwili inajibu kwa nguvu zaidi, ugonjwa unaanza katika umri tofauti.

Kwa dawa, anza na njia nne: kufyonzwa, kusambaa, kuvunjwavunjwa na kuondolewa. Wanawake kwa wastani wana uzito mdogo na sehemu kubwa zaidi ya mafuta mwilini, na vimeng'enya vya ini na uchujaji wa figo havilingani kila mara. Zolpidem, dawa ya usingizi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992, ndiyo mfano unaotajwa kila mahali, na kwa haki. Januari 2013 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilishusha dozi ya wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5. Wanawake huiondoa mwilini polepole zaidi, na asubuhi baadhi walibaki na kiasi cha kuweza kuharibu umakini wao barabarani. Kwa miaka 20 dozi ilikuwa moja kwa wote.

Sasa onyo, na ni kubwa. Ukilinganisha tafiti mbili, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, usidhani jinsi ndiyo kitu pekee kilichobadilika. Katika Physicians' Health Study, iliyochapishwa mwaka 1989 na kuhusisha madaktari wanaume 22,071, aspirini ilipunguza mshtuko wa moyo kwa asilimia 44. Katika Women's Health Study ya mwaka 2005, yenye wanawake 39,876, haikuonyesha kupunguza mshtuko wa moyo kwa ujumla, lakini ilipunguza kiharusi kwa asilimia 17. Watu wengi wakahitimisha kwamba aspirini huwatendea tofauti. Ila wanaume walikuwa wakimeza miligramu 325 kila baada ya siku moja, wanawake miligramu 100. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, kwa hiyo tafiti hizo peke yake haziwezi kukwambia ni lipi lililoleta tofauti.

Umefaulu ukiweza kujaza nafasi hizi bila kubabaika: "Tunatarajia ___ kuwa kubwa/ndogo zaidi kwa ___ kwa sababu ___, tukikuta kinyume, tutaelewa kwamba ___." Kama huna sababu ya kutarajia tofauti, andika hivyo hivyo. Hiyo nayo ni kauli halali, na hutabanwa kwa kuisema mapema.

## Hatua ya 3: Pitia upya orodha ya wanaoachwa nje

Kifungu cha "wanawake wajawazito, wanaonyonyesha na walio katika umri wa kuzaa hawatahusishwa" kinanakiliwa kutoka andiko moja kwenda jingine bila mtu kuuliza kimetoka wapi. Kigawanye vipande vitatu, kisha tetea kila kipande peke yake.

*Umri wa kuzaa.* Kumwacha nje mwanamke wa miaka 30 kwa sababu tu anaweza kupata mimba ni kuacha nje sehemu kubwa ya watakaotumia matokeo yako. Mwongozo wa maadili wa mwaka 2016 wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi za tiba, unataka wanawake wahusishwe isipokuwa pawe na sababu nzuri ya kisayansi. Unasema pia kwamba ruhusa ya mtu mwingine haiwezi kamwe kuchukua nafasi ya ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Kama fomu yako ina mstari wa saini ya mume, ufute.

*Ujauzito.* Wakati mwingine kuna sababu ya kweli ya kuzuia, hasa dawa ikiwa mpya kabisa. Lakini panga nini kitatokea mshiriki akipata mimba katikati ya utafiti, maana itatokea. Ataacha dawa? Ataendelea kufuatiliwa? Mtoto atafuatiliwa? Mwaka 2018 ufuatiliaji wa vizazi nchini Botswana ulikuta watoto 4 kati ya 426 wenye kasoro za ubongo au uti wa mgongo, kwa mama waliokuwa wakitumia dolutegravir, dawa ya VVU, tangu kabla ya kushika mimba. Hofu ilienea upesi. Kwa kuwa ufuatiliaji uliendelea na idadi ya vizazi ikaongezeka, tofauti ile ilififia, na dawa ikabaki kuwa chaguo la kwanza kwa wanawake pia. Kilichookoa hali hapo ni daftari la vizazi.

*Sharti la uzazi wa mpango.* Ukilazimisha washiriki watumie njia fulani, hakikisha haigongani na dawa unayochunguza. Efavirenz, dawa nyingine ya VVU, kwa mfano, hushusha kiwango cha homoni inayotoka kwenye kijiti cha levonorgestrel, na mwanamke anayedhani amekingwa anaweza kushika mimba.

Umefaulu ikiwa kila kundi lililoachwa nje lina sababu yake ya kisayansi iliyoandikwa pembeni.

## Hatua ya 4: Kokotoa idadi ya washiriki kwa uaminifu

Kosa la kawaida ni kukokotoa sampuli ya kutosha kwa swali kuu, kisha kuahidi kwamba sampuli hiyohiyo itajibu pia swali la jinsi. Haitajibu. Kugundua kwamba tofauti kati ya wanawake na wanaume ni kubwa sawa na athari kuu ya dawa kunahitaji takriban mara nne ya washiriki. Kama tofauti ni nusu ya athari hiyo, mahitaji hupanda hadi karibu mara kumi na sita.

Una njia tatu. Kama jinsi ndiyo swali lako, omba fedha na muda wa sampuli kubwa. Kama si swali lako kuu, husisha wote, toa makadirio ya kila jinsi, na useme waziwazi kwamba utafiti haukuundwa kuthibitisha tofauti. Data yako itaunganishwa na za wengine baadaye. Kama ugonjwa ni wa jinsi moja, au ile nyingine tayari imechunguzwa vya kutosha, chukua jinsi moja na uitaje kwenye kichwa cha habari.

Ninaipenda njia ya pili kuliko watafiti wengi wanavyoipenda. Haina mbwembwe, lakini ndiyo inayowezekana kwa bajeti za kawaida.

Jambo moja zaidi: wapange washiriki kwa bahati nasibu ndani ya kila jinsi peke yake, ili usije ukakuta wanawake wengi wameangukia upande wa dawa bandia. Ni mstari mmoja tu kwenye programu.

## Hatua ya 5: Kusanya taarifa za homoni, na tumia viwango sahihi

Kwa kila mshiriki wa kike mtu mzima, dodoso liwe na haya: tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ujauzito au kunyonyesha, njia ya uzazi wa mpango kwa jina lake (vidonge vya aina gani, sindano, kijiti, kitanzi chenye homoni au kisicho nayo), kama hedhi imekoma kwa miezi 12 mfululizo, kama ovari au kizazi vimeondolewa kwa upasuaji, na tiba yoyote ya homoni.

Usitumie umri wa miaka 50 kama mbadala wa swali la kukoma hedhi. Wapo wanaokoma mapema sana, na wapo walio kwenye sindano ambao hawajaona hedhi kwa mwaka mzima ilhali ovari zao ni nzima.

Je, lazima ujue kila mwanamke yuko siku ya ngapi ya mzunguko? Hapana. Kama umepanga kwa bahati nasibu, siku zote za mzunguko zitagawanyika pande zote mbili. Lakini kama swali lako ni mzunguko wenyewe, kalenda haitoshi. Pima projesteroni kwenye damu, au kwenye mkojo homoni ya LH, ambayo hupanda yai linapokaribia kutoka, kwa sababu siku ya yai kutoka hubadilika hata kwa mwanamke yuleyule.

Kisha viwango vya vipimo. Kwa upungufu wa damu, WHO hutumia hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita kwa wanaume, na chini ya 12 kwa wanawake wasio wajawazito. Ukitumia kiwango kimoja, utakuwa umeitengeneza tofauti mwenyewe. Kwa troponini nyeti, protini inayopimwa kwenye damu kutambua mshtuko wa moyo, kipimo kimoja kinachotumika sana kina kikomo cha nanogramu 16 kwa lita kwa wanawake na 34 kwa wanaume. Nambari hizo ni za kipimo hicho tu. Usizihamishie kwenye mashine nyingine.

### Kwa walio maabara

Kisingizio cha kutumia panya dume pekee ni kwamba homoni za jike "huvuruga data". Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya makala 293 ulikuta panya jike, hata bila kufuatilia mzunguko wao, hawatofautiani baina yao zaidi ya madume. Madume nao wana vurugu zao: ukiwaweka pamoja, hujenga ngazi za ubabe, na homoni zao hufuata ngazi hizo.

Kwa seli, andika zilitoka kwa mtu wa jinsi gani, na kagua kama seli za kiume bado zina kromosomu Y, kwa kuwa baadhi huipoteza kadiri zinavyokuzwa. Angalia pia rangi nyekundu ya fenoli kwenye maji ya kukuzia: inaweza kufanya kazi kama estrojeni hafifu. Kama unachunguza homoni, tumia maji yasiyo na rangi hiyo.

## Hatua ya 6: Chambua bila kujidanganya

Fuata mpangilio huu. Kwanza, hesabu watu: wangapi waliandikishwa, walimaliza, waliacha, kwa kila jinsi na kila upande. Pili, kadiria athari kwa wanawake na kwa wanaume, kila moja na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95, yaani nambari mbili ambazo data inaonyesha athari ya kweli huenda iko kati yake. Tatu, kadiria tofauti kati ya athari hizo mbili, nayo na mipaka yake. Hatua ya tatu ndiyo inayojibu swali. Watakwimu huiita kupima mwingiliano.

Kuweka jinsi kwenye modeli kama kitu cha "kurekebisha" si sawa na hatua hiyo. Kurekebisha huchukulia kwamba dawa inafanya kazi sawasawa kwa wote.

Huu hapa mfano wa kubuni. Dawa ya presha imeshusha milimita 10 kwa wanawake (mipaka: 2 hadi 18) na milimita 6 kwa wanaume (mipaka: kupanda 2 hadi kushuka 14). Kwa wanawake thamani ya p (kipimo cha jinsi matokeo kama hayo yangekuwa nadra kama dawa haifanyi kitu) iko chini ya 0.05, kwa wanaume haiko. Mtafiti anaandika kwamba dawa inafaa wanawake pekee. Lakini tofauti yenyewe ni milimita 4, na mipaka yake inaanzia 7 upande wa wanaume hadi 15 upande wa wanawake. Data hiyo haijui nani amefaidika zaidi. Inaruhusu hata wanaume wawe wamefaidika zaidi.

Unaweza pia kupata tofauti ya uongo kwa kukatakata data mara nyingi. Watafiti wa ISIS-2, jaribio la mwaka 1988 lenye wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo, waliliweka wazi hilo kwa kejeli: waligawanya wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa, na aspirini, iliyookoa maisha kwa ujumla, ikaonekana haiwafai wa nyota ya Mapacha na Mizani. Kwa hiyo ulichoandika katika hatua ya 2 kina uzito. Kilichoibuka baadaye ni dokezo.

Mwisho, angalia kipimo unachotumia kulinganisha. Tuseme hatari kwa wanaume ni asilimia 20 na imeshuka hadi 16, na kwa wanawake ni 10 imeshuka hadi 8. Kwa uwiano, dawa imepunguza hatari kwa moja ya tano kwa wote, sawasawa kabisa. Kwa idadi ya watu waliookolewa, wanaume 4 katika kila 100 na wanawake 2. Ripoti vyote viwili, la sivyo wasomaji wawili wataondoka na majibu mawili.

Umefaulu kama hakuna sentensi kwenye matokeo yako inayolinganisha thamani mbili za p.

## Hatua ya 7: Ripoti hata usichokikuta

SAGER inataka utafiti wa jinsi moja useme hivyo kwenye kichwa cha habari na kwenye muhtasari. Weka majedwali ya kila jinsi, hata kwenye kiambatisho, na yahusu pia madhara ya dawa na walioacha utafiti.

Kwenye madhara, daima gawanya kwa idadi ya waliotumia. Ripoti ya mwaka 2001 ya ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilisema kwamba kati ya dawa 10 zilizoondolewa sokoni tangu 1997, 8 zilikuwa na hatari kubwa zaidi kwa wanawake. Takwimu hiyo hunukuliwa sana bila nusu yake ya pili: 4 kati ya hizo 8 zilikuwa zikiandikiwa wanawake zaidi, na huenda hilo ndilo lililoongeza visa. Nne nyingine zilitumiwa na wote, na bado wanawake ndio waliodhurika zaidi.

Kama hukukuta tofauti, usiandike "hakuna tofauti kati ya wanawake na wanaume". Tumia sentensi ya namna hii, ukiweka nambari zako: "Athari ilikuwa ___ kwa wanawake na ___ kwa wanaume, tofauti ilikuwa ___ (mipaka ya asilimia 95: ___ hadi ___). Utafiti haukuwa na washiriki wa kutosha kuondoa uwezekano wa tofauti ndogo kuliko ___."